Komredi, mradi wa mwaka wa nne usiununue

Kuna soko moja hapa nchini halina kibanda wala halisumbuliwi na kanjo, na huchangamka kila vyuo vikuu vinapokaribia muda wa kuwasilisha miradi ya mwaka wa nne. Liko Telegram, liko kwenye magrupu ya WhatsApp, liko kwa yule jamaa wa saiba anayejulikana na kila hosteli. Ukiingia utapata mfumo wa kusimamia hosteli, mfumo wa maktaba, mfumo wa hospitali, mfumo wa chama. Umekamilika, una rangi zake, una sehemu ya kulipa kwa M-Pesa, na ripoti yake ya kurasa sitini ishachapwa. Kilichobaki ni kubadilisha jina la mwanafunzi na nembo ya chuo. Ukiwa na haraka, bei inapanda.

Wateja wa soko hili ni watu wanaosomea digrii ya Teknolojia ya Habari, IT kama tunavyoiita sote. Yaani watu ambao kesho kazi yao itakuwa kujenga vitu kama hivyo hivyo wanavyonunua.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponilemea, na kompyuta nikaendelea nazo mwenyewe mtaani. Kwa hivyo inanichekesha kidogo, halafu inanihuzunisha, kwamba ujumbe ninaopokea mara kwa mara kupitia blogu yangu ni huu: "Niaje buda, niko mwaka wa nne IT, unaweza kunijengea mradi? Bei tutaelewana." Asiyemaliza anaombwa amsaidie anayemaliza. Huwa nakataa. Lakini jibu la "hapana" pekee halimsaidii mtu, ndiyo maana nimeona niliandike hapa kwa urefu.

Hoja yangu ni moja. Mradi wa mwaka wa nne ndio kitu cha pekee ndani ya hiyo digrii ambacho ni vigumu sana kukipata kwingine. Ukiununua, umeuza sehemu bora ya miaka minne, ukabaki na sehemu ambayo hata mimi naipata bure kwenye intaneti.

Tuanze na hesabu. Ulipata C+ au zaidi kwenye KCSE, KUCCPS ikakupa nafasi, ukaingia. Mwaka wa kwanza ni hesabu, misingi ya kompyuta, na lugha moja ya programu. Mwaka wa pili na wa tatu zinakuja hifadhidata, mitandao, mifumo endeshi, usalama wa mifumo, uchambuzi wa mifumo. Kati hapo kuna uanagenzi, ile atachmenti ya miezi kadhaa ambapo wengine hufunzwa kazi na wengine hutumwa chai. Mwisho kabisa, mradi.

Sasa jiulize: katika hayo yote, ni gani siwezi kuyapata nikiwa Umoja na bando zangu? Lugha ya Python imekuwepo tangu 1991 na mafunzo yake yamejaa kila mahali. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard iko wazi mtandaoni, unaifuata bila kulipa karo. freeCodeCamp ni bure tangu ilipoanza 2014. Maelezo ya somo la mitandao unaloliogopa yako YouTube, tena yameelezwa na watu wanaochora vizuri kuliko mhadhiri wako. Kama digrii ingekuwa ni habari tu, basi wale wanaosema "digrii ya IT ni kupoteza wakati" wangekuwa wamesema kweli, na mimi ningekuwa wa kwanza kuwashangilia.

Lakini kuna vitu vitatu sijawahi kuvipata mtaani. Cha kwanza ni mwaka mzima wa kushughulikia tatizo moja bila mteja kukupigia simu. Cha pili ni mtu anayejua zaidi yako ambaye kazi yake, anayolipwa nayo mshahara, ni kukuambia umekosea wapi. Cha tatu ni jopo: watu watatu au wanne wanaokaa mbele yako na kukuuliza "kwa nini?"

Hilo la tatu usilidharau. Nimejenga tovuti za salon, za duka la vipuri, za kanisa. Wateja huniuliza mambo mawili: itagharimu ngapi, na itakuwa tayari lini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini nimepanga hifadhidata namna hii na si namna ile. Kikifanya kazi, wanalipa. Kikikwama, wananipigia saa tano usiku. Nimejifunza mengi hivyo, lakini nimejifunza kwa kubahatisha, bila mtu wa kunizuia kabla sijaharibu. Wewe umepewa mtu wa kukuzuia, na unalipa pesa ili asikuone ukifanya kazi!

Labda unasema: "Lakini hiyo miradi yenyewe ni ya bure tu, mfumo wa hosteli utanifunza nini?" Hapo ndipo huwa tunakosea. Chukua huo mfumo wa hosteli wenyewe.

Kimebaki kitanda kimoja. Wanafunzi wawili, mmoja yuko Juja na mwingine Kisumu, wanabonyeza "weka nafasi" sekunde ile ile. Programu yako inaiuliza hifadhidata: kitanda kiko wazi? Inajibiwa ndiyo. Inauliza tena kwa niaba ya yule wa pili: kiko wazi? Inajibiwa ndiyo, kwa sababu jina la yule wa kwanza bado halijaandikwa. Wote wawili wanapewa. Siku ya kufungua chuo wanakutana mlangoni, kila mmoja na godoro lake na risiti yake.

Dawa ya hilo inafundishwa kwenye somo la hifadhidata, lile la saa nane mchana ambalo nusu ya darasa huwa imesinzia. Unakifunga kile kitanda mpaka ombi la kwanza limalizike, au unaiambia hifadhidata yenyewe ikatae kitanda kimoja kuandikwa mara mbili katika muhula mmoja. Ni kanuni ile ile inayotakiwa unapotuma pesa: ikitoka kwako lazima ifike kwa mwenzako, au isitoke kabisa. Hakuna mahali pa katikati, hata stima ikipotea. Mpangilio huu wa data kwa majedwali ulielezwa na Edgar Codd, mtafiti wa IBM, mwaka wa 1970, na hadi leo mifumo mingi ya benki na sacco imesimama juu yake. Darasani unausoma kwa mtihani. Ukijenga hosteli yako mwenyewe ukaona watu wawili wamepewa kitanda kimoja, hutausahau maisha yako yote.

Njoo kwenye M-Pesa. Siku hizi mradi bila kile kidirisha cha kuitisha PIN kwenye simu unaonekana haujaiva. Safaricom ina jukwaa liitwalo Daraja ambapo unaweza kujisajili na kufanya majaribio bila kutumia pesa halisi. Ukijaribu mwenyewe utagundua upesi kwamba kuitisha PIN ndiyo kazi rahisi. Jibu la kama mtu amelipa haliji papo hapo. Linatumwa baadaye kwenye anwani ya intaneti uliyoitoa, na hiyo anwani lazima ifikike kutoka nje. Laptopu yako hapo kwa bedsita haifikiki kutoka nje. Usiku wa kwanza utaumaliza ukisubiri jibu ambalo haliwezi kukupata.

Ukishalitatua hilo, kuna kubwa zaidi linakungoja. Mteja amelipa, pesa imekatwa, lakini jibu limepotea njiani. Mfumo wako unasema hajalipa. Yeye ana ujumbe wa M-Pesa mkononi na anakuangalia. Utamwamini nani? Utamruhusu alipe tena? Kuna njia ya kuuliza upya hali ya malipo, na kuna njia ya kuhakikisha malipo mamoja hayahesabiwi mara mbili, lakini aliyenunua mradi hajui hata kwamba swali lipo. Kwake kile kidirisha kilitokea mbele ya jopo, makofi yakapigwa, basi.

Na mfumo wa hospitali? Unaweka majina ya watu, nambari zao za simu na magonjwa yao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Aliyeununua mfumo wake hajui kama manenosiri yamehifadhiwa wazi wazi, yanasomeka kama barua, au yamegeuzwa yasisomeke. Hajui kama karani wa mapokezi anaweza kufungua faili ya kila mgonjwa. Akifuzu, akaajiriwa kaunti fulani awasimamie wagonjwa wa kweli, hatajua hapo pia.

Hii nchi ishatuonyesha mara kadhaa kwamba mambo ya kompyuta si mambo ya "watu wa IT" pekee. Baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017, neno seva liliingia hadi kwa vijiwe vya bodaboda. Watu ambao hawakuwa wamewahi kuiona walikuwa wanataka ifunguliwe. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, na mtu aliyekuwa anataka huduma ya serikali akabaki anatazama ukurasa usiofunguka. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika na intaneti ikawa ya kukwama siku kadhaa. Kila mara kama hizo kuna mtu ndani ya chumba fulani anayetakiwa kujua mfumo umejengwa vipi, umevunjikia wapi, na unarudishwa vipi. Serikali inazidi kusukuma huduma zake mtandaoni. Hicho chumba kitahitaji watu wengi zaidi. Ukiwa wewe ndiye uliyeketi hapo na digrii yako ukutani, yule jamaa wa Telegram hutamfikia kwa simu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sitaki uone kama nakuhukumu kutoka juu. Najua kwa nini watu wananunua.

Wengine hawana laptopu. Wanaandika programu kwenye maabara ya chuo inayofungwa saa kumi na moja jioni, au wanaazima mashine ya rumeti akiwa amelala. Wengine wanafanya kazi usiku ili walipe karo. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, kuna familia zimejikuta zikidaiwa sehemu ya karo ambayo hazikuwa zimeipanga, na mwanafunzi ndiye anayezunguka kuitafuta. Migomo ya wahadhiri nayo inakula muhula. Ule wa 2025 ulisimamisha masomo karibu wiki saba, halafu tarehe za kuwasilisha zikabanwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kuna wasimamizi wa miradi wenye wanafunzi wengi kiasi kwamba ukimpata kwa dakika kumi ndani ya mwezi unashukuru Mungu.

Hizo ni sababu za kweli. Lakini angalia zinakuelekeza wapi. Zote zinasema mradi uwe mdogo, au uanze mapema, au uombewe muda zaidi. Hakuna hata moja inayosema ununuliwe. Pesa unazompa muuzaji, ambazo wakati mwingine zinatosha kodi ya miezi miwili, ungeweza kuziweka kwenye laptopu ya mtumba. Ukishanunua laptopu, inabaki yako. Mradi ulioununua unakwisha kazi siku ile ile jopo linapoinuka.

Halafu kuna wale wanaosema, "Siku hizi ni akili unde, hakuna haja ya kununua, naagiza tu ChatGPT." Tangu ilipotoka Novemba 2022, ni kweli, imewaharibia wauzaji biashara kidogo. Mimi mwenyewe naitumia kazini na sitakudanganya kwamba siitumii. Tatizo haliko kwa kifaa. Ukiiomba ikueleze kwa nini programu yako inakwama na ukaelewa jibu, umepata mwalimu. Ukiiomba ikuandikie mradi mzima na ukaunakili usivyouelewa, umenunua mradi, bei tu ndiyo imeshuka. Kipimo ni rahisi: funika skrini, mweleze rafiki yako kila sehemu inafanya nini na ukiiondoa nini kitaharibika. Ukishindwa, sehemu hiyo si yako bado.

Na hili soko halikuanguka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wamewaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, na wengine wamejilipia karo hivyo. England iliona biashara hiyo imezidi, ikaweka sheria mwaka wa 2022 ya kuharamisha utoaji wa huduma hizo. Sisi tulikuwa tunacheka: mzungu analipa, sisi tunasoma. Kwa sababu ukweli ni huo, anayeandika ndiye anayesoma. Sasa kichekesho kimerudi nyumbani. Ukimlipa mtu akujengee mradi, unamlipa asome kwa niaba yako. Yeye anabaki na ujuzi, wewe unabaki na karatasi. Mimi nikikujengea, nitakuwa nimepata mwaka wangu wa nne kwa pesa zako za HELB.

Na HELB haisahau. Mkopo ule una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unatarajiwa uanze kuulipa, uwe umepata kazi au hujapata. Fikiria basi unaingia kwenye mahojiano ya kazi ya kwanza. Wasifu wako hauna kazi yoyote, ni kawaida, ndio umefuzu. Kitu cha pekee ulicho nacho ni mradi. Mwajiri anakuambia, "Tueleze ulivyoujenga." Anataka kusikia ulikwama wapi na ukafanya nini. Waliojenga wenyewe huanza kuongea kwa mikono, wanalalamika kuhusu hitilafu iliyowanyima usingizi wiki nzima. Wengine wanasoma kutoka kichwani sentensi za ripoti. Dakika mbili zinatosha kuwatofautisha. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishamaliza.

Wahadhiri nao nina neno nao, kwa heshima zote. Soko hili linaishi kwa sababu kuna jopo linalokubali kuangalia picha za skrini na kusoma ripoti pekee. Likibadilisha mambo machache, wauzaji watatafuta kazi nyingine.

Kwanza, dai historia ya kazi. Git, kifaa ambacho Linus Torvalds alikiunda mwaka wa 2005, kinahifadhi kila badiliko, nani alilifanya na lini. Mradi uliojengwa kwa miezi minane una historia ya miezi minane, yenye makosa na marekebisho na "nimejaribu tena". Ule ulionunuliwa unatokea wote kwa siku moja, usiku wa kuamkia kuwasilisha. Historia inaweza kughushiwa, najua, ila kughushi miezi minane ya makosa ni kazi karibu sawa na kuujenga.

Pili, mpe mwanafunzi badiliko dogo alifanye papo hapo mbele ya jopo. "Ongeza sehemu ya nambari ya kitambulisho kwenye fomu hii, na ihifadhiwe." Aliyejenga atatetemeka lakini atajua aanzie faili gani. Aliyenunua hatajua hata msimbo wenyewe uko wapi. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema "kodi" utafikiria landilodi ama KRA.)

Tatu, mfumo wa maktaba upumzishwe. Umefanya kazi nzuri miaka yote, uzeeke kwa amani. Mwanafunzi aje na tatizo la mahali anapoishi, na aje na mtu mmoja wa kweli mwenye hilo tatizo. Mradi wa namna hiyo hauwezi kuwa umelala tayari kwenye laptopu ya muuzaji.

Nne, na hili ndilo kubwa, jopo limpe alama mtu aliyeshindwa kwa uaminifu. Kama mwanafunzi anaogopa kwamba mradi usiokamilika ni sifuri, atanunua uliokamilika. Lakini akijua kwamba anaweza kusimama aseme, "Sehemu hii haikufanya kazi, nilijaribu njia tatu, hizi hapa, na hii ndiyo sababu nadhani zilikataa," na apate alama nzuri, hana sababu ya kwenda sokoni. Wanasayansi hufanya hivyo kila siku. Kuna haja gani ya kuwafunza watu kuficha?

Turudi kwako, komredi, hasa wewe wa mwaka wa tatu ambaye bado una wakati.

Chagua kitu kidogo. Wengi huanza na ndoto ya kujenga Uber ya kitu fulani, wanakwama mwezi wa pili, halafu wanapiga simu. Nenda kwa mama mboga wa mtaa wako uone anavyoandika madeni kwenye daftari la kurasa 96. Muulize ni deni gani husahaulika, na nani hukana. Tayari una mradi: kitabu cha madeni kinachofanya kazi kwenye simu ya bei ya chini, hata intaneti ikikosekana, na kinachopatanisha hesabu ikirudi. Linasikika jambo dogo, lakini hilo la kupatanisha hesabu baada ya mtandao kurudi ni tatizo ambalo wahandisi wa kampuni kubwa hulipwa pesa nzuri kulishughulikia.

Ukitaka mfano kwamba vitu vya hapa kwetu vinatosha, kuna ule mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia za Marekani. Mwaka wa 2014 ikatoka ramani ya zaidi ya njia 100 za matatu za Nairobi, na baadaye data yake ikaingia kwenye Google Maps. Haukuwa mradi wa mtu mmoja wa mwaka wa nne, na walikuwa na msaada mkubwa. Lakini angalia ulivyoanza: kitu ambacho kila mmoja wetu hupanda kila asubuhi, na swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu kwa maandishi, yaani hizi gari hupitia wapi hasa?

Ukishachagua, mpe mtu autumie mapema, hata ukiwa nusu. Yule mama mboga atabonyeza mahali ambapo hukutarajia, na mfumo utaanguka. Furahi. Afadhali uanguke mbele yake kuliko mbele ya jopo. Andika tarehe, andika ulichobadilisha, weka historia yako. Ukimkosa msimamizi wako, mtumie swali moja lililo wazi kwa barua pepe badala ya "Mwalimu, nimekwama." Swali zuri hujibiwa hata na mtu mwenye shughuli. Na ukiwa umeelemewa na kazi za usiku na karo, nenda ofisini uombe kuahirisha kabla mambo hayajakuharibikia. Kufuzu mwaka mmoja baadaye hakutakuua.

Mimi sijui kama nitarudi chuo. Labda siku moja, hali ikiruhusu. Kwa sasa najua tu kwamba kuna kiti mbele ya lile jopo ambacho sikukifikia, na kuna watu wanaokifikia halafu wanatuma pesa ili maneno ya mwingine yakae pale badala yao. Kiti hicho ni chako. Umekilipia kwa miaka minne, na HELB itakukumbusha kwa miaka mingine mingi.

Kwa hivyo ukiwa ulikuwa karibu kunitumia ule ujumbe, nitumie mwingine. Niambie unajenga nini na umekwama wapi. Hilo nitakujibu, na sitakuitisha hata bob.